Mkufu wa Kuazima: Jinsi Waandishi Wakubwa Walivyojifunza Kazi

Mwaka jana niliposti hadithi yangu ya kwanza, vipande vinane, kimoja kila jioni. Ilihusu msichana wa Umoja aliyeazima wigi la bei kali kwa rafiki yake ili aende harusi. Wigi likapotelea kwenye matatu. Akaogopa kusema ukweli, akakopa kwenye simu, akanunua lingine kama lile, akalirudisha kimyakimya. Kisha akalipa madeni mwaka mzima na nusu. Siku moja akakutana na rafiki yake tao, akamwaga roho yote, na yule rafiki akashtuka: "Lile? Lile lilikuwa feki, nilitoa mia tano Gikomba!"

Watu waliipenda sana. Wengine walinitumia ujumbe wakiuliza kitabu kinatoka lini. Halafu mtu mmoja akaweka komenti ya maneno manne: "Hii si ya Maupassant?"

Kusema ukweli, sikuwa nimewahi kusikia hilo jina. Hadithi nilisimuliwa na shangazi yangu, na aliniapia kwa jina la Mungu kwamba ilimpata jirani yake. Nikatafuta. Kumbe inaitwa "La Parure", yaani mkufu, imeandikwa na Mfaransa Guy de Maupassant, na ilichapishwa gazetini Paris mwezi wa Februari 1884. Huyo jirani ya shangazi yangu alikuwa ameishi zaidi ya miaka 140.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza, niliandika wazi kwamba mgongo wa hadithi ile si wangu, na nikaomba radhi. Pili, niliisoma ya asili. Hapo ndipo nilipopata aibu ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza. Yake ilikuwa nzuri mara kumi kuliko yangu, na sikuweza kueleza kwa nini. Tukio ni lilelile, mwisho ni uleule. Yangu iliwafanya watu waandike "eish!" Yake ilinikosesha usingizi.

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia. Hawa watu walijifunzia wapi?

Wengi wetu tulisoma hadithi fupi shuleni. Kama ulifanya KCSE miaka michache iliyopita, unaijua Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Waliotutangulia walikuwa na Damu Nyeusi. Tulijua kujibu: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Tulijua kutaja maudhui, sifa za wahusika, kinaya, taharuki, mbinu rejeshi. Simlaumu mwalimu yeyote, mtihani ndio uliuliza hivyo. Lakini kujua kwamba hapa kuna taharuki ni kama kujua kwamba pikipiki ina kabureta. Fundi wa pikipiki ana swali lingine: nikiitoa hii, injini itafanya nini?

Nikisoma maisha ya waandishi wa hadithi fupi, naona wengi walijifunza kwa swali la fundi.

Chukua Edgar Allan Poe, Mmarekani. Mwaka 1842 alikuwa akihakiki hadithi za mwenzake Nathaniel Hawthorne kwenye jarida. Angeweza kusema tu ni tamu au si tamu, lakini yeye alizifungua kuona zinavyofanya kazi. Akasema hadithi ya aina hii yafaa isomwe kwa kikao kimoja, nusu saa hadi saa moja au mbili, na kwamba mwandishi huchagua kwanza hisia moja anayotaka kumwachia msomaji, kisha kila sentensi inasukuma kuelekea hapo. Nusu saa hadi saa mbili! Hiyo ni Rongai hadi tao kukiwa na jam. Zaidi ya miaka 180 imepita na wafundishaji wa uandishi bado wanarudi kwenye wazo hilo, na lilitoka kwa mtu aliyekaa akaisoma kazi ya mwingine kwa makini.

Sasa turudi kwa Maupassant. Miaka ya 1870 alikuwa karani wa wizara huko Paris, kazi aliyoichukia. Bahati yake ni kwamba Gustave Flaubert, mmoja wa waandishi wakubwa wa Ufaransa, alikuwa rafiki wa utotoni wa mama yake. Kwa karibu miaka saba kijana huyo alimpelekea Flaubert alichoandika: mashairi, hadithi ndefu, hadithi fupi, hata mchezo wa kuigiza ambao yeye mwenyewe aliuita mbaya. Flaubert alisoma, na Jumapili iliyofuata, wakiwa mezani, akamwonyesha makosa. Kisha akamrudisha kuandika tena. Maupassant alieleza hayo mwaka 1888 katika dibaji ya riwaya yake Pierre et Jean.

Zoezi moja alilopewa ni hili: ukipita mbele ya muuza duka aliyekaa mlangoni, au bawabu anayevuta kiko, au farasi wa gari la abiria, nionyeshe huyo mmoja ili nisimchanganye na muuza duka mwingine, bawabu mwingine, wala farasi wale hamsini walio mbele na nyuma yake. Nimelijaribu na makanga wa mathree za Embakasi. Makanga "mwenye kelele" hafai, maana wote wana kelele. Ilinichukua siku tatu nikampata mmoja ambaye kila akipokea noti huikunjia kwenye kidole cha kati na kuibusu kabla ya kurudisha chenji. Huyo sasa huwezi kumchanganya na mwingine.

Mwaka 1880 Maupassant akatoa "Boule de Suif". Flaubert akasema ni kazi bora kabisa. Mwezi wa Mei mwaka huohuo Flaubert akafariki. Alimwona mwanafunzi wake akifaulu, basi. Miaka kumi iliyofuata Maupassant aliandika hadithi kama mia tatu. Ukiona mtu anaandika kwa kasi hivyo, kumbuka ile miaka saba ambayo hakuna aliyekuwa akiiona.

Basi niliifungua "La Parure" kwa bisibisi. Mathilde, mke wa karani, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi Forestier, aende dansi ya wizara. Anaupoteza. Yeye na mumewe wananunua mwingine kwa faranga 36,000. Nusu wanayo, ni urithi wa mume, nusu wanakopa kila mahali. Wanalipa miaka kumi. Mwisho anaambiwa ule wa kwanza ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500.

Katika hadithi yangu, ule ufeki ulishuka kutoka mbinguni. Maupassant alikuwa ametuambia tangu mapema, ila hatukusikia. Mathilde anapoomba mkufu, Bi Forestier anampa bila hata kusita. Nani anatoa almasi za kweli hivyo? Mkufu unapopotea, Mathilde na mumewe wanakwenda kwa sonara ambaye jina lake limo ndani ya kijisanduku. Sonara anaangalia vitabu vyake, anasema yeye hakuuza mkufu ule, aliuza kijisanduku tu. Kijisanduku cha duka moja, mkufu wa kwingine! Tena mkufu mpya unaporudishwa, Bi Forestier hata hakifungui. Mara tatu mwandishi ameuweka ukweli mezani, na mara tatu hofu ya Mathilde imetuziba macho. Ndiyo maana ukimaliza unarudi mwanzo ukijiuliza, kwani nilikuwa wapi?

Jambo la pili: mimi nilisema "akalipa madeni mwaka mzima na nusu", nikaendelea na safari. Yeye alinipeleka jikoni. Mathilde anamwachisha kazi mtumishi, wanahamia chumba cha darini, anaosha sufuria mpaka kucha zinaharibika, anapandisha maji ngazini akipumzika kila ghorofa, anabishana sokoni kwa senti. Mume ananakili maandishi ya watu usiku kwa malipo ya sou tano kwa ukurasa. Yote hayo ni kama ukurasa mmoja tu, lakini unaona mwili ukizeeka. Wanapokutana barabarani, Bi Forestier hamtambui. Kwa hiyo neno "bandia" linapotamkwa, tunajua limekula mikono ya nani.

Mimi nilikuwa nimeiba ule mshangao wa mwisho, kitu chepesi kuliko vyote. Injini niliiacha Paris. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku hiyo nililijua neno hilo kwa ngozi yangu.

Si kila mtu alikuwa na Flaubert. Anton Chekhov, Mrusi, mjukuu wa mtu aliyezaliwa mtumwa wa shamba, alisomea udaktari Moscow huku akiandikia majarida ya vichekesho ili familia yake ipate kula. Jarida moja lilimpa mipaka ya kama mistari mia moja, si zaidi. Mipaka hiyo ilikuwa shule yake. Huna nafasi ya kueleza mhusika alizaliwa wapi, kwa hiyo unatafuta tendo moja linalosema yote. Mwezi wa Machi 1886 mwandishi mzee, Dmitry Grigorovich, alimwandikia barua kumwambia ana kipaji cha kweli na aache kulipua kazi. Chekhov akajibu kwa unyenyekevu, akikiri kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoifanyia kazi zaidi ya siku nzima. Alibadilika kuanzia hapo.

Miezi michache kabla ya barua hiyo alikuwa ametoa "Toska", neno la Kirusi la huzuni nzito. Iona ni dereva wa gari la farasi. Mwanawe amefariki wiki hiyohiyo. Usiku wa theluji anajaribu kumwambia abiria wa kwanza, mwanajeshi. Huyo anauliza swali moja kisha anafumba macho. Anajaribu kuwaambia vijana watatu walevi. Wanamtukana na kumharakisha. Bawabu anamfukuza. Dereva mwenzake kijana anajifunika blanketi na kulala. Mwisho Iona anaingia zizini, anasimama mbele ya farasi wake anayetafuna majani, na kumwambia yote.

Angalia alivyojenga. Ni tendo moja likirudiwa, na kila likirudiwa mlango mwingine unafungwa, hadi mlango unaobaki ni wa mnyama. Chekhov hasemi popote kwamba mji hauna huruma. Hakuombi ulie. Ningekuwa mimi, ningemalizia kwa aya ya mafunzo, jinsi jamii ya leo haisikilizani na kadhalika. Ukiiongeza aya hiyo hadithi inakufa. Nimejaribu, nikaiandika kabisa, nikasoma kwa sauti. Inakufa.

Sasa lile swali la wizi. Katherine Mansfield alizaliwa New Zealand mwaka 1888. Mwaka 1910, akiwa na miaka 21, alichapisha London hadithi kuhusu mtoto mtumishi asiyeruhusiwa kulala, ambaye mwisho anamziba pumzi mtoto mchanga ili apate usingizi. Chekhov alikuwa ameandika hadithi ya yaya wa miaka 13 mwenye kisa hichohicho mwaka 1888. Zinafanana mno. Wapo wanaosema aliiba, wapo wanaosema alikuwa akijifunza kwa kuiga, na ubishi huo umedumu hadi leo. Baadaye Mansfield alikataa kitabu chake cha kwanza, chenye hadithi hiyo, kichapishwe tena. Alikiona cha kitoto.

Lakini hakumwacha Chekhov. Aliendelea kumsoma hadi akamsaga. Mwaka 1922 akatoa "The Garden Party": familia tajiri inaandaa sherehe bustanini, habari zinafika kwamba dereva maskini anayeishi bondeni karibu nao amefariki, na binti anauliza kama sherehe isimame. Haisimami. Nafsi ya Chekhov imo humo, lakini huwezi kuonyesha hadithi ya Chekhov iliyonakiliwa. Kati ya 1910 na 1922 kuna safari kutoka kuchukua kisa cha mtu hadi kuchukua jicho lake. Nadhani mpaka wa wizi uko hapo. Kisa kina mwenyewe. Jicho ukifundishwa linakuwa lako. Mwaka uliofuata kifua kikuu kikamuua, akiwa na miaka 34.

Najua mtu ataniambia: hao wote ni wazungu, sisi tuna zetu. Sawa, tuje nyumbani.

Mwaka 1960, katika chuo cha Makerere, kijana kutoka Limuru alimsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa mwaka wa mwisho na aliyeshughulika na jarida la wanafunzi, Penpoint. Akamwambia ameandika hadithi fupi. Alikuwa anadanganya, haikuwa imekamilika. Ikabidi aende kuimaliza. Hadithi hiyo, ya mwanamke anayetoroka nyumbani na kujikuta chini ya mti wa mugumo, ilimsisimua Kariara hadi akamuuliza kama amekuwa akimsoma D. H. Lawrence. Kijana huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, na swali lile lilimtia moyo. Mwenzake alikuwa ameona mkono wa mwalimu ndani ya kazi ya mwanafunzi. Hakuona aibu, na wala haikumzuia kuwa Ngũgĩ.

Grace Ogot naye aliifungua hadithi ya bibi zetu. Katika "The Rain Came" alichukua kisa cha kale cha Waluo: binti wa chifu, Oganda, anapaswa kutolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Fanani wa kale angekisimulia moja kwa moja. Ogot anatuambia sisi kwanza. Kisha anamwonyesha Oganda akisikia watu wakinong'ona kumhusu, naye anadhani wanapanga ndoa yake, anawaza ni kijana gani. Sisi tunajua, yeye hajui. Ukibadilisha mpangilio huo, umeua ukurasa mzima.

Kuna upande mchungu pia. Juni 1962 Makerere iliandaa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ, bado mwanafunzi, alialikwa kwa nguvu ya hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa. Shaaban Robert, mwenye vitabu kadhaa vya mashairi na nathari, hakustahili, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe alilikumbusha hilo mwaka 1986 katika Decolonising the Mind. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Naliwaza hilo kila ninapokimbilia Paris na Moscow kutafuta walimu. Kwani "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed niliwahi kuifungua? Niliandika "unyakuzi wa ardhi" kwenye karatasi ya mtihani nikapata alama zangu. Sikuwahi kuuliza kwa nini jitu lile linaingia kwanza kwenye mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote cha watu maskini na kuahidi kurudi, kabla hatujaona buldoza hata moja. Nimeisoma tena juzi. Mwandishi alitaka nione tumbo kwanza, nilisikie likitafuna, ili buldoza linapokuja Madongoporomoka nisilione kama mashine ya ujenzi. Nilione kama mdomo. Somo hilo lilikuwa kwenye begi langu miaka yote ya sekondari.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyosoma siku hizi, na haihitaji bando kubwa wala ada. Mara ya kwanza nasoma kwa raha, bila kalamu. Mara ya pili naandika pembeni: sasa najua nini, na mhusika anajua nini? Mara ya tatu naondoa aya moja kichwani na kuuliza nini kimeanguka. Zile aya ambazo hazianguki na kitu, nazo ni somo, maana hata wakubwa hulegea. Halafu nanakili ukurasa mmoja kwa mkono. Mkono unagundua sentensi fupi ziko wapi kabla ya akili. Mwisho naifunga, naiweka mbali, naandika changu. Na nikichukua kisa cha mtu, nasema.

Hadithi ya wigi niliiandika upya. Nilitupa lile jambo la feki kabisa, halikuwa langu. Nilibaki na msichana, simu inayolia kila asubuhi saa kumi na mbili kumkumbusha deni, na vile anavyoigeuza kifudifudi juu ya kitanda ili mdogo wake asisome. Safari hii hakuna aliyeandika "eish!" Watu kumi na mmoja tu ndio waliokomenti. Mmoja aliandika kwamba yeye pia huigeuza simu yake hivyo, na alidhani ni yeye peke yake.

Hiyo komenti nimeiwekea skrinshoti.